Mgeni Alale Wapi, Aonyeshwe Nini

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nilale. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Mwanda, milimani, kwa miguu hadi barabara ya basi, viatu mkononi ili visichakae, na nilipofika Voi vumbi jekundu lilikuwa limenijaa hadi kwenye kope. Hoteli ilikuwa karibu na stesheni, nyumba ndefu ya mabati yenye baraza lililotazama mlima wa Sagala. Mkuu wa Vyumba alikuwa mzee wa Mombasa, Mzee Salim, mtu wa kofia safi na maneno machache. Nilidhani atanipa ufagio. Badala yake alifungua chumba, akanionyesha kitanda.

"Vua viatu, jilaze hapo."

"Mimi, mzee?"

"Kwani nasema na ukuta? Jilaze, uniambie waona nini."

Nikajilaza, mikono ubavuni kama askari kwenye gwaride. Nikamwambia naona dari. Akaniuliza darini kuna nini. Kulikuwa na utando wa buibui, mkubwa, wenye nzi wawili.

"Haya. Aliyesimama hauoni ule, mwanangu. Mgeni yeye hasimami, mgeni hulala. Chumba chakaguliwa kwa kulala."

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi ya hoteli siku hizi, mkakuta mashine ya kufulia na maji ya moto yakitoka ukutani. Kwetu maji ya moto yalitoka kwenye pipa lililolazwa juu ya moto wa kuni nyuma ya jiko, na tuliyabeba kwa ndoo hadi mlangoni kwa mgeni. Adui yetu mkubwa hakuwa kunguni wala mbu. Alikuwa vumbi la Voi. Ukitandika shuka nyeupe saa mbili asubuhi na kuacha dirisha wazi, adhuhuri ina rangi ya tembo wa huko, wekundu kwa vumbi hilohilo. Tulizifua kwa buluu, ule unga unaotiwa kwenye maji ya mwisho ili weupe urudi, na tulizianika upande wa nyuma ambako upepo haukufika. Kugeuza chumba, yaani kukitoa kwa mgeni aliyeondoka na kukiandalia anayeingia, kulinichukua asubuhi nzima wiki ya kwanza. Mzee Salim alivuta shuka niliyotandika, akaitazama pembe yake, akaitupa chini. Ilibidi pembe ikunjwe kama bahasha, mgeni apate kazi kidogo kuifungua.

Meneja wetu wa kwanza alikuwa Mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha. Siku moja alinikuta nasoma gazeti la mgeni kabla ya kulikunja.

"Wewe jua Kizungu?"

"Kidogo, bwana."

"Kidogo tosha. Kesho kaa mbele."

Mbele maana yake ni mapokezi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi ya hoteli ni maswali mawili tu: mgeni alale wapi, na akishaamka aonyeshwe nini. La kwanza lilikuwa jepesi. Swali la pili ndilo lililonitoa jasho, kwa sababu wageni wetu karibu wote walikuwa njiani kwenda pwani, na walitaka niwaambie habari za huko. Nikawaambia! Mwenye watoto nilimwambia avuke kivuko, alale kusini, maji ni matulivu. Anayeogopa kivuko nilimpeleka kaskazini. Nilisisitiza watembelee Mji wa Kale asubuhi, kabla jua halijawaka, wanywe kahawa chungu kwa kashata, na wasikubali chumba kisichotazama bahari. Haya yote niliyasikia kwa madereva na kwa wageni waliokuwa wakirudi. Mimi mwenyewe sikuwa nimevuka Mackinnon Road, ambayo haifiki hata nusu ya njia.

Mzee Salim alinisikiliza siku moja nikimsifia mama mmoja chumba cha kutazama bahari. Mama alipotoka, akanisogelea mezani.

"Na wewe bahari waijua?"

"Naijua, mzee."

"Yanuka vipi?"

Nikajifanya napanga funguo. Akacheka mpaka kofia ikamtoka, na kicheko chake ndicho kilichonipeleka pwani. Alimweleza Meneja, na Meneja akanituma kwenye hoteli ya wenzake huko kusini nikajifunze. Nilikaa miaka minne. Nilijua harufu ya bahari wakati wa kupwa, ambayo hakuna mgeni aliyekuwa amenitajia, na nilijua kwamba chumba kinachotazama bahari hakilaliki upepo ukivuma, madirisha hugonga. Mkuu wa Mapokezi wa huko, mama mkali kutoka Lamu, alinifundisha jambo ambalo ningependa mlishike: usimsifie mgeni mahali, mwambie atafikaje na atakuta nini, kisha umwache achague. Joto sikulizoea hata siku moja. Nililala juu ya sakafu nikiota ukungu wa kwetu.

Niliporudi Voi, Mzee Salim alikuwa amekwenda kupumzika kwao, na mimi nikapewa kazi ya kusimamia matembezi. Pale mapokezi palikuwa na ubao mweusi, na kila asubuhi niliandika kwa chaki safari za siku hiyo. Mbugani kutazama wanyama. Milimani Wundanyi kwenye baridi. Ziwa Chala, ambalo wageni hulikuta ghafla chini ya miguu yao, kwa sababu limo ndani ya shimo na halionekani mpaka usimame ukingoni. Njukini siku ya soko, ambako mzee mmoja wa Kizungu alinunua mkungu mzima wa ndizi kwa furaha, halafu akanigawia wote kwa kuwa alikuwa anaondoka kesho yake. Niliupenda ubao ule. Wilaya yetu watu walikuwa wakiipita wakisinzia ndani ya gari, na mimi nilikuwa napata kuwaamsha kidogo.

Kisha akaja Meneja wa tatu. Huyu alikuwa Mkenya mwenzetu, mtu wa bara, kijana, amesomea hoteli ng'ambo. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi kuliko sisi sote, na alikuwa na hofu moja iliyomla: wenye hoteli walimwambia wazi kwamba wageni wasipolala siku ya pili, milango itafungwa. Aliniita ofisini.

"Mwakio, hebu niambie ukweli. Watu wakishuka hapa wanafanya nini?"

"Wanakunywa chai, bwana meneja."

"Halafu?"

"Wanauliza choo."

"Halafu?"

"Wanaenda Mombasa."

"Unaona sasa? Hii si hoteli. Hii ni choo yenye chai."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba amesikia huko kwetu milimani kuna mapango yenye mafuvu ya watu. Hakuna hoteli nyingine iliyo na kitu kama hicho, alisema. Mgeni atalala siku mbili, hata tatu.

"Na wewe si ni wa huko huko? Andika kwa ubao. Hii ikienda vizuri, wewe ndio msaidizi wangu. Ikikushinda, sawa, nitatafuta kijana mwingine awapeleke, na wewe urudi vyumbani."

Ni lazima niwaeleze, kwa maana wengi wenu hamkulelewa na haya. Zamani kwetu milimani, sisi Wadawida, mzee akifa, alizikwa. Baada ya muda wake kutimia, jamaa walifukua kichwa, wakakiosha, wakakipeleka chini ya mwamba ambako wa ukoo wake walikuwa wamepangwa. Kila ukoo na mwamba wake. Mvua ikikataa, au mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, wazee walikwenda kuwaeleza. Babu yangu, baba wa baba, yuko pale. Nilimkumbuka akiwa hai, akinipa asali kwa ncha ya kisu. Baba yangu naye alikuwa mzee wa kanisa, na tangu abatizwe hakukanyaga pale wala hakuruhusu pazungumzwe nyumbani.

Kwa hiyo nilikuwa nimebanwa. Nikikataa, watapelekwa na kijana asiyejua lolote, na mambo ya watalii nayajua, mmoja lazima atashika, mwingine lazima ataweka kwenye mfuko. Nikikubali, nitakuwa nasimama mbele ya babu yangu nikisema kwa Kizungu, "na upande wa kushoto mnaona..." Kwa wiki nzima sikula vizuri. Nilikuwa na watoto shuleni, na kurudi kubeba ndoo katika umri ule kuliniogopesha, sitaki kujifanya shujaa.

Jumamosi nikapanda Mwanda kumuuliza baba. Nilimkuta akipalilia maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Mbona unaniuliza mimi? Hayo niliyaacha."

"Najua, baba. Lakini ni babako."

Akapalilia mstari mzima hadi mwisho. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Aliporudi akasema, "Mimi sina neno huko. Ila sijawahi kuona mtu akipelekwa kwa watu bila kujulishwa. Hayo si ya kanisa wala si ya pangoni. Ni adabu tu."

Nilishuka na neno hilo. Jumatatu nikamwambia Meneja kwamba kabla ya safari kuandikwa kwenye ubao, ni kawaida mkubwa aikague mwenyewe. Ndivyo tulivyofanya kwa Chala na kwa Njukini. Akafurahi. Tukaondoka asubuhi, yeye na viatu vyake vya mjini, na kabla ya saa sita tulikuwa chini ya mwamba.

Nikabisha hodi. Meneja alinitazama. Nikangoja kidogo, kisha nikamwashiria akaribie. Walikuwa pale, wamepangana, wengine wameota kuvu ya kijani. Sikueleza chochote juu ya mila. Nilianza upande wa wazee zaidi, nikawataja wale niliofundishwa majina yao na babu alipokuwa hai, hadi nikafika kwake mwenyewe, nikamsalimu kikwetu.

"Kwawuka, babu. Ni mimi, Mwakio. Huyu niliyekuja naye ni mkubwa wangu wa kazi, ametoka bara. Anataka kuona kama hapa panafaa kuletwa wageni." Nikamgeukia Meneja. "Huyu ndiye baba wa baba yangu, Mghanga, fundi wa mizinga ya nyuki. Nimekutaja kwake. Sasa jitaje mwenyewe, jina lako na la baba yako."

"Mimi?"

"Ndiyo, bwana meneja. Wanakungoja."

Alicheka kidogo, akanitazama kuona kama natania. Sikuwa natania, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua kama ninayo. Akavua miwani. Akataja jina lake, lile la nyumbani ambalo sikuwa nimewahi kulisikia hotelini. Alipofika kwenye jina la baba yake sauti ilishuka, akalirudia mara ya pili, vizuri zaidi.

Tukashuka. Karibu na barabara akasema, bila kunitazama, "Hapafai. Njia ni mbaya sana. Mgeni ataanguka, atuletee kesi."

Njia haikuwa mbaya. Alikuwa ameipanda na kuishuka kwa viatu vya ngozi bila kuteleza hata mara moja. Nikasema, "Ni kweli, bwana meneja, ni mbaya."

Pango halikuandikwa kwenye ubao, siku hiyo wala siku nyingine yoyote niliyokuwa pale. Sikurudishwa vyumbani. Cheo cha msaidizi alipewa kijana kutoka chuoni, na iliniuma, tena sana, maana nilikuwa na miaka mingi kuliko yeye na meza yenyewe. Wageni wachache walianza kulala siku ya pili kwa ajili ya matembezi ya mlimani niliyoyabuni, wengi wakaendelea na chai yao na choo chao. Hoteli haikufungwa. Meneja alihamishwa Nairobi, na siku ya kuondoka alinishika mkono muda mrefu.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Waliniandalia soda na hotuba, nikarudi Mwanda kulima. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka. Bado nikiingia nyumba ya mtu natafuta utando darini, na mke wangu ananikanyaga mguu.

Mwaka uleule baba aliugua. Nilimhudumia mimi, maana kutandika kitanda chenye mtu ndani ni kazi niliyoijua. Alasiri moja aliniomba nimwinue mto.

"Mwakio, nikifa nizikwe kanisani. Mwili mzima, kichwa changu na mimi. Usikubali mtu akufundishe mengine."

"Nimesikia, baba."

Akafumba macho. Nikafikiri amelala.

"Lakini uende ukamwambie babu yako niko wapi. Asije akakaa ananingoja."

Tulimzika baba kama alivyotaka, kwa nyimbo na kengele. Siku ya tatu nilipanda peke yangu hadi kwenye mwamba, nikabisha hodi, nikalia kwanza mpaka nikatosheka. Kisha nikafanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

"Babu," nikamwambia, "mwanao amelala kanisani. Ukitoka hapa, shuka hadi chemchemi, ufuate mfereji mpaka shuleni. Kanisa liko juu ya shule. Usipite mlango wa mbele, zunguka upande wa mikaratusi. Yuko safu ya pili kutoka ukutani. Udongo bado ni mbichi, utamwona."