Mbaluka Alivyowadhoofisha Warumi

Mbaluka wa mtaa wa Mowlem alikuwa mchonga vinyago, na watu walisema ndovu wake ukiwasahau nje usiku, asubuhi unakuta sukuma wiki ya jirani imeliwa. Lakini kazi aliyoipenda zaidi haikuuzwa. Ilikuwa mchezo wa vita vya kale alioubuni na rafiki yake Phares, karani mstaafu wa reli, wakaupanga juu ya ubao mpana na kuuchezea dadu. Phares aliongoza jeshi la Karthago, adui wa Roma, na ndovu wake. Mbaluka aliongoza Warumi, askari wa miguu wenye deraya na ngao, wa mpingo mtupu, wazito hata mmoja alipodondoka sakafuni mpangaji wa chini alitoka mbio na watoto akidhani jengo linaanguka.

Mrumi alitakiwa apigwe mara tatu ndipo aanguke. Walikuwa wameigombania sheria hiyo mpaka wake zao wakachoka kuwapatanisha. Phares alisema tatu ni nyingi, Mbaluka akasema hao ndio Warumi, si mapolisi wa kukodi. Tatu ikabaki.

Kisha kiharusi kikamlaza Phares na kumpoozesha mkono wa kulia. Aliporudi kwenye ubao akawa anashindwa kila Jumamosi, na siku moja Mbaluka akaona machozi yakimlengalenga mwenzake. Ndipo akadanganya. Alisema amesoma kwamba ngao za Warumi zilikuwa mbao nyembamba zilizogundishwa, plaiwudi tu, na plaiwudi ikinyeshewa hufura na kubanduka. Basi Mrumi aanguke kwa pigo moja. Nani angebishana na mchongaji juu ya mbao?

Phares akaanza kushinda. Akatembea ploti nzima, mlango kwa mlango, akisimulia alivyoikanyaga Roma, akatoa hata ushuhuda kanisani. Binti yake, Adhiambo, akampelekea Mbaluka chapati za shukrani kwa kumrudishia baba yake uhai. Mbaluka alizila. Patasi ikawa inateleza, na kila askari aliyemchonga alitoka na uso wa mtu aliyeuzwa na ndugu yake.

Huenda angenyamaza hivyo hivyo. Lakini Phares, kwa kulewa ushindi, akamwalika Irungu wa Mathare aje wapambane katika ukumbi wa kanisa mbele ya waumini. Irungu walikuwa wamemfundisha mchezo zamani, enzi za mapigo matatu. Habari za plaiwudi hakuwa nazo. Angekuja na Warumi wenye nguvu zao zote, na Phares angeaibika mbele ya watu aliowaringia.

Siku moja kabla ya pambano Mbaluka akaenda kwa mwenzake, akakaa, akakataa chai.

"Baba Adhiambo, ile habari ya plaiwudi niliitunga."

Phares alikuwa akipanga ndovu kwa mkono wa kushoto. Hakuinua kichwa. "Ili iweje?"

"Ili ushinde."

"Kumbe Jumamosi zote hizi nilikuwa napigana na maiti."

"Nilikuhurumia."

"Omera, rafiki yangu, kilichopooza ni mkono. Kichwa hukukiuliza hali."

Phares akamwita Adhiambo, akamtuma ampigie Irungu simu, pambano lisogezwe mbele mpaka mvua ziishe. Halafu akausukuma ubao katikati.

"Mapigo matatu," akasema. "Na ukinihurumia tena, hata kwenye matanga yangu usije."

Mbaluka akacheza. Kila ndovu aliyemwangusha ilikuwa kama kuchinja ng'ombe wa jirani huku jirani anatazama. Warumi wakasonga mbele, wakapigwa, wakabaki wima. Phares akashindwa vibaya kuliko siku zote, akarudia kwa kidole hatua zake akitafuta alipokosea.

Kisha akaanza kupanga upya, ndovu mmoja mmoja, kwa mkono wa kushoto. Mmoja alimponyoka, akaanguka kifudifudi. Mbaluka akaikalia mikono yake yote miwili, akasubiri Phares amwinue mwenyewe.