Kayongo Tuliyompelekea Senge

Nilipokuwa mtoto kule Malakisi, Kukhu, yaani nyanyangu, alikuwa na onyo moja ambalo hakuchoka kulirudia: binti aliyeachika akirudi kwao na kutia jembe katika shamba la babake, shamba litaota maua badala ya mahindi. Binti mwenyewe alikuwa wake wa kumzaa, Senge, dada ya baba yangu. Baba alikuwa amemkatia kipande kidogo mteremkoni, chini ya mahindi yetu, na Senge hakuwa na kingine cha kumlisha.

Mwaka huo kayongo ikatokea. Ilianzia kwetu juu, si kwake, lakini nani angejali? Ni gugu la kupendeza, nasema kwa aibu, lina maua ya zambarau, na mahindi yaliyo karibu nalo hudumaa na kugeuka manjano. Kukhu akaamua irudishwe kwa mwenyewe. Ilipokwisha kuchanua na kukauka, sisi watoto tuliing'oa, tukaikumbatia mafungu mafungu, tukaenda kuitupa kwa Senge. Kwetu ulikuwa mchezo. Nguo zilitujaa vumbi, tukajikung'utia papo hapo kwenye mitaro yake.

Msimu uliofuata, kipande chake kizima kilichanua zambarau.

"Si nilisema?" Kukhu alituuliza. Hakuna aliyembishia, hata Baba. Senge akafunga godoro lake, akahamia Misikhu kuuza mboga.

Siku hizi naishi Matisi, Kitale, lakini shamba lile bado ni letu, na juzi nilihudhuria mafunzo ya wakulima huko Malakisi. Afisa wa kilimo alifikicha ua kavu la kayongo juu ya karatasi nyeupe. Likatoka vumbi laini kama ugoro. Akasema hizo ndizo mbegu, na kwamba hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mahindi. Mimi nilitazama chini. Vumbi lile nililijua.

Nikaenda Misikhu kumweleza Senge. Alinisikiliza huku akifunga sukuma wiki.

"Si nilikuwa nawaona mkikuja," alisema. "Sasa ningeshtaki mama yangu kwa nani?"

Kisha akaniuliza kama nimekula. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Onyo la Kukhu lilitimia kweli, lakini tulilitimiza sisi, tukicheka, na hadi leo tukipanda mahindi kwenye kipande kile, kayongo inatoka.