Ng'ombe Ambaye Hakuwemo Kitabuni

Saa tatu asubuhi, siku ya kufunga shule, na Petronilla Ongodia hajauza hata kitabu kimoja. Amekaa kwenye kigoda chake katika soko la Busia, vitabu vimepangwa juu ya gunia lililopasuliwa, na macho yake hayabanduki kwenye njia itokayo shuleni. Leo ndipo atakapojua kama yeye bado ni Mama Vitabu, ama amebaki mama wa kuuza makaratasi.

"Watakuja," Syprose Akoth, jirani yake anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, anamwambia. "Na wasipokuja, hamia huku kwangu. Omena haisomwi."

Petronilla hacheki.

Kwa miaka tisa, kila shule zilipokaribia kufungwa, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mjini humu alikuwa akiwatuma kwake wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane, wakachague hadithi za kusoma likizoni. Wazazi wa Chakol na Moding walikuja pia, na wengine walivuka kutoka upande wa Uganda. Vitabu huvipata ndani ya marobota ya mitumba, vimebanwa katikati ya makoti, naye huviuza shilingi ishirini, mara nyingine hadi arobaini.

Lakini watu hawakumfuata kwa bei. Walifuata masharti yake. Kwa Petronilla, mtoto hapewi kitabu kwa kupenda jalada. Anasimama anasoma kwa sauti, ukurasa wa mwanzo, kisha mmoja wa katikati, mbele ya kila aliyepo.

Akijikwaa kila mstari, kitabu kinarudi chini. "Hiki kitakula likizo yako yote." Akisoma kama mtu wa kutangaza mnada, kinarudi vilevile. "Hata wewe hujali itakuwaje. Weka." Lakini akifika mwisho wa ukurasa na kidole chake kikafunua unaofuata bila kuambiwa, Petronilla anamwambia, "Enda nacho. Hicho ni chako."

Soko lilikuwa linajaa hapo. Wauza nyanya waliacha mizani, wabeba mizigo walikalia mizigo yao. "Ilikuwa kama redio, tena ya bure," anasema Syprose. Walimu walimsifu: huyu mama ni mkali, anawapima watoto kabla hajawauzia.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini yeye mwenyewe hajawahi kuwasomea hata mstari.

Aprili mwaka huu wa 1997 ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Emojong, katekista kutoka Chakol, alikuja kutafuta kitabu cha watoto wake watatu. Kwake, hadithi ya likizo husomwa na baba uani, jioni mapema, chakula kikiwa bado motoni. Anasoma Kiingereza, anatafsiri kwa Kiteso, na nyumba nzima inasikiliza.

"Nilimwambia, mama, nipe kitu safi," anakumbuka.

Petronilla alimpa kitabu cha jalada la kijani alichokuwa amekisikia jana yake, kikisomwa na Vivian, binti Syprose wa darasa la saba. "Mzee, chukua hiki," alimwambia. "Katikati kuna ng'ombe amepotea ndani ya miwa. Mwenyewe anamtafuta huku anamwimbia. Utalia wewe!"

Mtu wa Kiteso ukimwambia habari za ng'ombe aliyepotea, umemshika. Emojong alianza kusoma jioni hiyohiyo. Ng'ombe hakutokea. Siku ya pili, hakutokea. Watoto wakauliza, majirani wakaanza kuja na vigoda vyao, na siku ya tatu mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea wajukuu, akasogea karibu na mlango wa jikoni ili asikie vizuri.

"Nikafika pale katikati," anasema Emojong, na hata leo anapunguza sauti. "Nikasoma kwamba mke wa mtu ameingia kwa jirani. Nikatafsiri. Nilidhani anaenda kuuliza ng'ombe."

Haikuwa hivyo. Mstari uliofuata ulizima taa, na ule wa baadaye haukuwa wa kusikilizwa na watoto. Ulimi wa katekista ulikuwa umeshazoea mbio, ukatafsiri mistari miwili mizima kabla masikio yake hayajaufikia. Mkewe aliangusha mwiko. Majirani waligeuka wakatazama chini. Na mama mkwe, ambaye kwa desturi yao mkwe hata chakula hali mbele yake, aliinuka, akafunga kitenge, akaondoka bila kuaga.

"Mbuzi wa kuomba radhi nilimpelekea," anasema mzee. "Tena mbuzi mkubwa."

Kesho yake alifika sokoni kwa baiskeli, jasho linamtiririka, akakitupa kitabu juu ya gunia.

"Mama, nionyeshe ng'ombe."

"Yuko katikati, mzee."

"Katikati wapi? Nisomee."

Petronilla alikiokota. Alikifungua. Kidole chake kilitembea juu ya ukurasa, kikashuka, kikapanda tena, kikasimama. Watu walikuwa wameshakusanyika kama kawaida yao.

"Mzee," alisema, "mimi sijui kusoma."

Syprose anasema angepigwa kofi asingeshtuka vile. Alisimama na kikombe chake cha kupimia, omena zikamwagika miguuni. "Wewe! Na gazeti je? Miaka yote hii si unanisomea gazeti hapa?"

"Redio," Petronilla alijibu. "Nasikiliza asubuhi nyumbani, nikifika hapa nashika gazeti."

"Ile ya waziri na mbuzi za shule?"

"Hiyo niliongeza mwenyewe."

Hapo ndipo kilio kiliposikika nyuma ya magunia ya omena. Alikuwa Vivian. Siku ile aliposimama kusoma, alifika katikati akaona yaliyoandikwa, akamwona mama yake amekaa mbele, akawaona na wazee. Basi akaendelea kutazama ukurasa huku akitunga lake, ng'ombe, miwa, wimbo na vyote. Alipoambiwa kitabu ni chake, akakiacha palepale kwenye gunia.

"Ng'ombe ni wangu," alisema akilia. "Hayumo."

Petronilla anakiri kwamba aibu yake mwenyewe ilisahaulika kidogo hapo. "Nilishangaa, bwana! Mtoto alisoma hewa bila kukwama, na kidole kikafunua ukurasa. Mimi nilikuwa naangalia kidole!"

Sikio lake alilipatia jikoni kwa masista, alikopika kwa miaka kumi na moja tangu akiwa msichana. Masista wale walikula kimya, mmoja wao akiwasomea hadithi kwa Kiingereza, naye Petronilla akisimama na bakuli la supu. Akajua hadithi inayowafanya wasahau kijiko na ile inayowasinzisha. "Kiingereza nakisikia chote," anasema. "Herufi ndizo zilinikataa. Na sikudanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza."

Wengi hawakuliona hivyo. Vijana wa soko walimpelekea noti wakimwambia, "Boss, tusomee hii." Wanaume wazima walikuja kunong'ona wakikitaka kile cha kijani, hata kwa bei mara tatu, naye akawafukuza. Na mwalimu mkuu alisema hawezi kuahidi kumtumia wanafunzi tena.

Mei, Petronilla alijiandikisha gumbaru, darasa la watu wazima linalofanyika mchana kanisani. Dawati ni la watoto, magoti yanagonga ubao.

Inakaribia saa nne baiskeli inaposimama mbele ya gunia. Ni Mzee Emojong, na watoto wake watatu wanamfuata kwa miguu. Syprose anaacha kupima.

"Mzee, kwangu tena?" Petronilla anauliza.

"Nilinunua kingine dukani. Wamekataa. Wanasema hakuna aliyekisoma amesimama." Anavuta ndoo, anaigeuza, anaikalia. "Lakini leo kitasomwa mbele yangu, na mimi nitakuwa natazama maandishi, si mdomo."

"Kaa, mzee. Kaa kabisa."

"Na kitu kingine. Wanauliza, yule ng'ombe alipatikana?"

Wote wanageuka kumtazama Vivian. Anaficha uso kwa leso. "Bado," anasema.

Sare za shule zinaonekana mwisho wa njia. Ni wachache kuliko zamani, hawafiki nusu, na mwalimu amekuja nao. Petronilla anainuka, anakung'uta sketi, anamnyooshea kidole wa kwanza: "Wewe, simama hapo. Kwa sauti."

Chini ya kigoda chake, ndani ya mfuko wa plastiki, kimo kile cha kijani. Hakiuzi. Gumbaru sasa wanaunganisha silabi, naye amepanga kwamba kufikia Desemba ataufungua ule ukurasa wa katikati na kuusoma mwenyewe, mstari kwa mstari.

"Nataka nione kwa macho yangu," anasema, "kama ulistahili mbuzi mzima."