Goti la Mzee Andongwisye

Andongwisye wa Ikuti alikuwa mtu wa miguu. Sisemi alikuwa na miguu, kila mtu anayo. Nasema alikuwa mtu wa miguu. Wenzake walipokuwa wakichuma chai, yeye alikuwa njiani akiswaga ng'ombe kutoka Usangu, anavuka milima, anateremka nao mpaka kwenye minada ya Rungwe. Zama za ruksa zilipoingia, biashara ikaachiwa huru na kila mwenye lori akageuka mchuuzi, watu walisema sasa Andongwisye kwisha habari yake. Wapi! Lori gani litapanda vijia vya Ikuti wakati wa masika? Kazi ikazidi badala ya kupungua.

Kisha ng'ombe mmoja akateleza kwenye mteremko wa matope na kumwangukia. Mguu wa kulia ukavunjika vibaya, juu kidogo ya goti. Wakampeleka Mbeya, akapasuliwa, akatiwa chuma, akashonwa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza kwamba chuma kimekaa vizuri na mfupa utaunga wenyewe. Kilichobaki ni goti. Alikunje kila siku, atembee na magongo asubuhi na jioni, awe safarini, awe ugenini, asitafute kisingizio.

"Mzee, kushona nimeshona mimi," alimwambia. "Goti ni kazi yako. Ukiliacha litakauka, na likikauka hutaswaga hata mbuzi."

Maneno hayo yalimwingia. Ndani ya basi la Tukuyu aliomba kiti cha karibu na mlango, na njia nzima akawa anaukunja na kuunyoosha ule mguu, meno ameyauma. Basi liliposimama Kiwira na kina mama wakaanza kupandisha ndizi na maparachichi madirishani, yeye alishuka na magongo yake akalizunguka basi lote. Konda akanung'unika. Mama mmoja akamuuliza kama ameajiriwa kukagua matairi, abiria wakacheka, naye akacheka nao. Alifika Tukuyu jasho linamtoka, lakini ana furaha.

Barabara ya Ikuti ilikuwa matope matupu, kwa hiyo hadi siku ya kurudi kliniki angekaa Kawetele, hapo hapo Tukuyu, kwa Meshaki, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Meshaki alikuwa na mke, Atupele, mimba yake imeingia mwezi wa saba. Na kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Baba mkwe akikohoa, mkamwana anapotea. Akipita huku, yeye anapita kule. Vijana na watu wa kanisani wengi wamelegeza, lakini si Andongwisye, wala si Atupele, aliyelelewa na bibi yake. Heshima ile ilikuwa nzito kwao wote wawili.

Chumba alichopewa mzee kilijaa marobota ya mitumba mpaka ukingoni mwa kitanda, pa kugeukia hakuna. Mlango wake ulitokea uani moja kwa moja, na uani ndiko kulikokuwa na jiko, na maji, na kamba ya kuanikia, yaani maisha yote ya Atupele.

Asubuhi ya kwanza mzee alikohoa, kama impasavyo mtu mwenye adabu, akasukuma mlango. Akasikia sufuria inaanguka. Akasikia miguu inakimbia kwenye matope, halafu kishindo nyuma ya jiko, na mwanamke anaguna kwa maumivu. Mzee akaganda pale pale. Kwenda kutazama hawezi, kuuliza hawezi. Alirudi ndani akaketi kitandani.

Jioni Meshaki alisema mkewe ameteleza tu, hajambo. Hajambo leo! Na kesho je? Mle tumboni mlikuwa na mjukuu. Andongwisye akaapa kimoyomoyo kwamba hatamkimbiza tena binti wa watu kwa ajili ya goti la mzee.

Basi hakukohoa tena. Meshaki alimwachia chakula kwenye hotipoti na kopo la haja ndogo, akaenda sokoni, na mzee akashinda ndani mpaka mwanawe arudi na kumpeleka chooni gizani. Mvua ilipiga bati mchana kutwa. Katikati ya mvua alisikia kinu kikitwangwa, mara ufagio, akasema moyoni, yupo. Alijaribu kukunja goti kwenye ukingo wa kitanda, maumivu yakampanda mpaka kisogoni, akaachia. Na tuseme kweli: maumivu yale yalimpa sababu ya pili ya kuketi. Alilijua hilo, na akajichukia.

Kila jioni Meshaki aliuliza kama amefanya mazoezi.

"Nimefanya," alijibu.

Angesema nini? Kwamba mke wako ndiye anayenizuia? Amtie lawamani mtoto asiye na kosa? Alijiambia kwamba Atupele akishajifungua atakwenda kwao kwa mama yake, ndipo atatembea mpaka achoke. Lakini goti halikumsubiri. Kila alipolipapasa chini ya blanketi alilikuta gumu kuliko jana, na hofu ikamshika, hofu ambayo hakuwa na wa kumwambia.

Siku ya kliniki, wiki sita baadaye, Meshaki alimpeleka Mbeya, na daktari akashika mguu akausukuma. Mzee akapiga ukelele. Daktari akasukuma tena, taratibu, kisha akauweka chini. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa. Goti lilikuwa limekauka. Akasema labda Dar es Salaam wangejaribu kulifungua, ila yeye haahidi kitu. Akauliza, "Ulikuwa unatembea lakini?" Andongwisye akayavuta magongo yake karibu.

Nje, kwenye benchi, alimweleza mwanawe yote.

"Tata," Meshaki akasema, "Atupele hakuwepo pale."

"Hakuwepo vipi?"

"Tangu alipoanguka, mimi nikitoka naye anatoka. Anashinda kwa jirani, kwa mama Biubwa, mpaka nirudi. Alisema tumwachie baba ua atembee."

Mzee akauliza, na kile kinu? Kilikuwa cha mama Biubwa, na ufagio pia, nyuma ya ua wa mabanzi. Na mbona hukuniambia? Meshaki akajibu polepole kwamba kila jioni alimuuliza, na kila jioni aliambiwa amefanya.

Walirudi na basi la mchana. Mguu ulichomoza njiani kati ya viti kama gogo, abiria wakawa wanauruka, na kila aliyeuruka alimpa mzee pole.

Nyumbani Kawetele hapakuwa na mtu. Ua ulikuwa umefagiwa, mawe yameondolewa, na majivu yamemwagwa juu ya matope kuzunguka nyumba yote, ili magongo yasiteleze. Meshaki akasema Atupele huyamwaga kila asubuhi kabla ya kutoka, na mvua huyafuta. Akamuuliza kama anaingia ndani apumzike.

Mzee akamwambia amwache. Akauzunguka ua akitembea juu ya yale majivu, mguu mkavu akiuburuta, mzunguko baada ya mzunguko, analia kwa sauti kama mtoto. Goti halikukunjika hata kidogo.