Mteremko, Hakuna Mtu

Studio ile ilikuwa na chumba cha mbele chenye kiti kimoja cha mbao na pazia la bluu, na chumba cha nyuma ambamo Bi Brashi alikaa miaka kumi na tisa akiondoa kasoro kwenye nyuso za watu. Makovu, chunusi, jicho lililolegea, kola iliyochakaa, vyote vilipita mikononi mwake. Kwa brashi nyembamba kama unyasi alimpa mteja uso aliotamani kuwa nao, na mteja akatoka akijitazama kwa raha, bila kujua kwamba nyuma ya pazia kuna mwanamke. Jina la Bi Brashi alipewa na mwenye studio, likashika hata kwao.

Jumapili alikuwa na kazi yake mwenyewe. Aliazima kamera ya studio, akapanda kwenda mteremkoni nje ya mji, alikolelewa na mama yake mkubwa baada ya mama mzazi kufariki. Familia thelathini na kitu ziliishi kule, juu kidogo ya machimbo ya mawe, zikilima vipande vyembamba vya ardhi vilivyozuiwa na kingo za mawe visiporomoke. Wakimwona anakuja walikimbilia ndani kubadili nguo. Mama mkubwa alikuwa akivaa gauni lake la kijani, lile la shughuli, akasimama katikati ya mahindi, mikono kiunoni na kidevu juu.

"Utaniletea yangu?" aliuliza kila mara.

"Nitaleta, mama."

Hakuleta hata moja. Nyumbani picha zile zilikuwa na safari nyingine. Alizikuza, akazibandika juu ya mbao, kisha akachukua msasa laini na kukwaruza kila mahali palipokuwa na mtu, mpaka karatasi ikawa na ukakasi wa kushika rangi. Halafu akamfunika mtu huyo kwa rangi ya mafuta: penye udongo akapaka udongo, penye jani akapaka jani. Nyumba nazo alizifunika. Aliacha kivuli kilicholala chini bila mwenyewe, au moshi ukipanda kutoka mahali pasipo na kitu. Aliamini kwamba mtu akiwepo tunamkodolea macho yeye tu na mahali tunapasahau, lakini akiondolewa, kila jiwe linaanza kumsema. Ilikuwa fikra nzuri. Aliipenda kuliko alivyowapenda wale waliosimama juani wakisubiri abonyeze kitufe. Picha ikikamilika aliikatakata filamu yake kwa mkasi, isije ikapatikana nyingine kama hiyo duniani. Nyuma ya ubao aliandika tarehe na maneno yaleyale, kwa mwandiko wa kujivunia: Mteremko, hakuna mtu.

Mwalimu mmoja wa sanaa, aliyekwenda studio kupigwa picha ya kitambulisho, ndiye aliyeziona mbao mbili ambazo Bi Brashi alikuwa amezileta zikauke, zimeegemezwa ukutani. Miezi sita baadaye picha ishirini zilitundikwa katika ukumbi wa maktaba. Wageni walitembea taratibu mbele ya picha hizo, mikono nyuma, wakisema kwa sauti za chini mambo ambayo Bi Brashi alikuwa ameyawaza peke yake kwa miaka. Siku hiyo alijiona mrefu.

Mama mkubwa alikuja bila kualikwa. Alikuwa amesikia kwamba picha za mteremkoni zimewekwa hadharani, akaoga, akavaa gauni lake la kijani, akashuka kwa miguu. Alizunguka ukumbi mzima, akisogeza uso karibu na kila picha. Mwishowe akasimama mbele ya mahindi aliyoyapanda kwa mkono wake.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Uko hapo, mama," Bi Brashi alinong'ona. "Chini ya rangi."

"Nimekosa nini?"

Mgeni mmoja alicheka, akidhani ni utani. Akauliza mama huyu ni nani. Bi Brashi alitazama viatu vya mama mkubwa, vilivyojaa vumbi la njiani, akajibu kwamba ni mmoja wa watu wa kule. Mama mkubwa aliyasikia. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa, akatoka.

Jioni hiyohiyo meneja wa kampuni ya kokoto, ile yenye machimbo chini ya mteremko, alinunua picha kumi na mbili za kutundika ofisini kwake. Alisema anapenda utulivu uliomo. Bi Brashi alimshukuru kwa mikono miwili.

Haukupita mwaka, familia za mteremkoni zikapokea barua. Kampuni ilidai kwamba mteremko wote ni eneo lake la uchimbaji, kwamba siku zote ulikuwa pori tupu, na kwamba hao wanaojiita wenyeji wamevamia juzijuzi wakitafuta fidia. Hawakuwa na hati. Walikwenda baraza la ardhi na ndimi zao tu, na mwenyekiti akawaambia kwamba ushahidi wa mtu anayejitetea mwenyewe haumpeleki mbali. Ndipo mama mkubwa akasimama na kusema kuna mtoto wao aliyewapiga picha miaka yote, kila msimu.

"Picha hizo ziko wapi?" aliuliza mwenyekiti.

Wakili wa kampuni aliinuka kwa adabu. "Tunazo sisi."

Mbao kumi na mbili zikaletwa na kupangwa ukutani. Bi Brashi aliitwa mbele. Wakili aligeuza ubao mmoja, akamwomba asome kilichoandikwa. Alisoma tarehe ya miaka tisa nyuma, akaishia hapo.

"Malizia."

"Mteremko, hakuna mtu."

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu. Lakini ile ni sanaa. Watu wapo, niliwafunika. Tazama kivuli hiki, tazama moshi."

Wakili alitazama kwa subira, akasema kivuli huenda ni cha kichaka, na moshi wa wachoma mkaa. Kisha akamuuliza, bila kupandisha sauti, kama aliandika uongo wakati ule au anasema uongo sasa.

Kutoka kwenye benchi la nyuma mama mkubwa alisema, "Futa hiyo rangi, mwanangu. Watuone."

Baraza zima lilimgeukia Bi Brashi. Alijua. Yeye peke yake mle ndani ndiye aliyejua msasa ulivyofanya kazi yake kabla ya rangi. Angeweza kusema, na aibu ingekuwa ndogo. Badala yake aliomba ruhusa, akakimbia studio, akarudi na chupa ya tapentaini na pamba. Pengine alitumaini kwamba mara moja, katika ubao mmoja, mkono wake ulikuwa umechoka na kukwaruza kidogo.

Alichagua picha ya mahindi. Majani yalilainika, yakavimba, yakafuata pamba. Ukijani ukatokea, na mama mkubwa akainuka akishika bega la jirani yake. Lakini ukijani ule ulikuwa rangi tu, nao ukafutika. Chini yake palikuwa na weupe. Karatasi ilikuwa imebaki wazi katika umbo la mwanamke aliyeweka mikono kiunoni, asiye na uso wala gauni, mweupe kama chokaa. Bi Brashi aliendelea kusugua mpaka karatasi ikatoboka na ubao ukaonekana.

"Tumeridhika," alisema wakili, akakaa.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki nne, wa ukurasa mmoja. Matingatinga yalimaliza kazi kwa siku mbili. Familia zilitawanyika, kila moja kwa ndugu aliyekuwa na nafasi. Bi Brashi alikwenda kumchukua mama mkubwa akae naye chumbani kwake, akamkuta amekaa juu ya godoro lililokunjwa, akisubiri gari la mpwa wa marehemu mumewe. Alimwambia kitanda kipo, chakula kipo. Mama mkubwa aliendelea kutazama barabara mpaka gari likafika.

Kampuni nayo iliandika. Ilimkumbusha kwa upole kwamba ubao mmoja aliuharibu mbele ya baraza, na ni mali ya kampuni, hivyo ikamwomba aurudishe ulivyokuwa. Bi Brashi aliiweka barua ile mezani siku tatu. Ya nne aliuchukua ubao, akaziba tundu, akapaka mahindi upya, jani kwa jani. Alijiambia kwamba hawezi kuliacha lile umbo jeupe kwenye ukuta wa watu wale. Lakini mkono wake ulifurahia kazi, na hilo alilijua. Mahindi ya safari hii yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza.

Baada ya hapo hakupiga tena picha zake. Alirudi kwenye chunusi na kola.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne aliposikia sauti ya mama mkubwa chumba cha mbele. Alikuwa amekuja kupigwa picha ya kitambulisho, kwa kuwa anwani yake imebadilika. Bi Brashi alisimama nyuma ya pazia la bluu na brashi mkononi. Mwenye studio alimpiga picha, akaisafisha, akaiona kasoro: doa dogo jeupe la vumbi lililoangukia shavuni. Akamwambia mama asubiri kidogo, kuna fundi ndani wa kuliondoa.

"Namjua," alisema mama mkubwa. "Asiiguse."

Mwenye studio alisema ni doa baya, tena liko usoni. Mama mkubwa alijibu kwamba ataichukua hivyohivyo. Karatasi ilisikika ikikatwa, kisha ikatiwa kwenye bahasha. Halafu mlango wa mbele ukafunguka na kufungwa.