Punje za Mwalimu Flaviana

Lori la Mzee Abubakari liliporudi Mkonze kwa mara ya tatu, Flaviana alilitambua kabla halijaacha lami. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likipigapiga barabara kama mtu anayekung'uta mkeka wenye vumbi. Aliweka kikombe cha chai juu ya boksi la spana, akafunga upya kanga yake kiunoni, akatoka nje ya banda kulipokea. Pa kukimbilia hapakuwepo. Banda lilikuwa lake, mashine ilikuwa yake, na aibu, kama ilikuwa inakuja, nayo ingekuwa yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kibakwe wilayani Mpwapwa, na kwa miaka mingi alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya binafsi ambayo hatimaye ilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Walimu wenzake walitawanyika, mmoja akaangukia kwenye kuku, mwingine kwenye bima. Yeye alinunua mashine ya kufanyia balansi magurudumu ya malori kutoka kwenye gereji iliyokuwa ikihama, akaisimika kwenye banda la mabati kando ya barabara. Ndugu zake walisema ni hasira tu, itapita. Haikupita. Mara nyingi Flaviana mwenyewe alijiuliza kama kazi ile aliichagua au aliikimbilia, na kwa kuwa jibu halikuja, aliishia kushika nyundo na kuendelea.

Kazi yenyewe aliipenda kwa sababu haikumdanganya. Kila gurudumu, hata lililotoka dukani jana, lina upande wake mzito. Lori likitembea taratibu hutausikia, lakini mwendo ukipanda upande ule huanza kuvuta. Usukani hutetemeka, tairi huliwa madoadoa, na dereva hufika mwisho wa safari mikono imekufa ganzi. Fundi hulizungusha gurudumu kwenye mashine, akaona uzito umelalia wapi, kisha akagongomea risasi upande wa pili, yaani vile vipande vizito vya madini vinavyobanwa kwenye ukingo wa ringi. Umeme ulipokatika, Flaviana hakukaa bure. Aliinua gurudumu kwa jeki, akaliachia lizunguke lenyewe hadi lichoke. Upande mzito ndio uliotua chini, naye akautia alama ya chaki. Chaki alikuwa nazo za kutosha. Ndizo pekee alizoondoka nazo shuleni.

Sasa jina lake la ufundi lilikuwa limekalia gurudumu moja. Mzee Abubakari, mfanyabiashara wa Kondoa mwenye malori ya kubeba alizeti, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamini, na wenye malori wengine walimfuata kwa kuwa neno lake lilisikilizwa. Lakini neno lile lile lilikuwa limegeuka. Kwenye maegesho ya malori mjini alikuwa akisema wazi kwamba yule Mwalimu arudi kwenye ubao, na Flaviana hakuhitaji kuambiwa na mtu. Aliyaona malori yaliyozoea kukata kona kuingia kwake yakipita moja kwa moja, madereva wakitazama mbele kama watu wanaomkwepa mdai wao.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeshuka kwanza, kofia yake imenyooka, kanzu haina hata tone la vumbi. Nyuma yake alishuka Nikodemo, dereva wake wa siku nyingi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Leo nimekuja mwenyewe. Kutoka Chemba mpaka hapa gari langu limecheza ngoma, na mimi sikualikwa harusi." Alilitazama banda juu na chini. "Niliambiwa, nikabisha. Kitabu na nyundo havilali banda moja."

Flaviana alikuwa na majibu kadhaa, yote makali, akayameza. Alimwomba amwachie lori hadi alasiri. Kama angeshindwa, alisema, yeye mwenyewe angemwelekeza kwa fundi mwingine na asingelikaribia lori lake tena. Mzee alikubali kwa kichwa, akaenda zake msikitini kuswali adhuhuri.

Kwa kawaida Nikodemo alikuwa mtu wa kelele. Yeye ndiye aliyezoea kumsalimu kwa Kigogo tangu ng'ambo ya barabara, "Mbukwa, Mwalimu," kisha kumuuliza kama leo kuna mtihani au ni masahihisho tu. Siku ile alifungua nati kimya, akalivingirisha gurudumu hadi kwenye mashine, akasogea pembeni na kusimama kana kwamba anasubiri majibu ya daktari.

Safari ya kwanza Flaviana aliugongoa udongo mwekundu uliokuwa umekaukia ndani ya ringi, akadhani amemaliza kazi. Safari ya pili alikagua beringi na viungo vya usukani, akavikuta vizima. Sasa alilizungusha gurudumu, na mashine ikamwonyesha upande mzito. Alilisimamisha, akalizungusha tena bila kugusa kitu. Upande mzito ukawa mahali pengine. Akarudia. Ukahama tena.

Wasiwasi wake wa zamani ukamnong'oneza kwamba ni mashine. Kwamba aliuziwa kitu kibovu kwa sababu muuzaji alimwona ni mtu wa vitabu. Hakuusikiliza, bali aliupima. Alichukua gurudumu lingine lililokuwa limelala bandani, akalizungusha mara kadhaa, na kila mara mashine ikatoa jibu lile lile. Mashine haikuwa na kosa. Uzito uliokuwa ukihama haukuwa wa ringi wala wa tairi. Ulikuwa wa kitu kilichomo ndani.

"Tunalivua," alisema.

Nikodemo alishtuka. Akaanza kueleza kwamba tairi lina upepo mzuri, kwamba kulivua ni kuliumiza, kwamba Mzee akirudi akalikuta limelala chini mdomo wazi ataongea mpaka magharibi. Flaviana alimwacha amalize, akamkabidhi mtarimbo mmoja na yeye akashika mwingine. Walilitoa upepo, wakalibandua ukingo wake kwenye ringi, wakisukuma na kukanyaga mpaka jasho likawatoka. Ukingo ulipoachia, harufu ikawapanda usoni. Haikuwa ya mpira. Ilikuwa harufu ya chachu, ya chungu cha pombe kilichosahauliwa jikoni.

Flaviana aliingiza mkono. Ukatoka na bonge la rangi ya kijivu, laini, linalonata. Aliliponda kwa kidole gumba akaziona punje zilizovimba na kupasuka. Hakuna mtoto wa Mpwapwa ambaye asingezitambua.

"Kaka Nikodemo, huu ni uwele."

"Ni uwele," Nikodemo alikiri, akitazama chini.

"Umefuata nini kwenye tairi?"

"Si wewe uliyesema punje?"

Hapo Flaviana alikaa kwenye boksi la spana. Alikumbuka. Majira ya kipupwe lilipita kwake lori moja la watalii lililogeuzwa nyumba, lina vitanda na jiko ndani, likitoka Iringa kwenda Arusha. Alipotaka kuligongomea risasi, mwenye gari alimkataza. Ndani ya matairi yake, alieleza, mlikuwa na vidude vidogo vya mviringo, vigumu, vinavyoteleza kama kioo. Gurudumu likizunguka, vyenyewe hukimbilia upande mwepesi na kuusawazisha. Flaviana alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Jioni ile aliwaeleza madereva waliokuwa wakinywa chai bandani kwake, Nikodemo akiwamo, kwa ufasaha wake wote wa darasani. Neno lililomjia kwanza lilikuwa shanga, na ndilo lililokuwa sahihi. Lakini aliwatazama wanaume wale, akawaza watakavyokonyezana wakisikia mwanamke anataja shanga zinazozunguka, kama za kiunoni, akalirudisha neno kooni. Badala yake akasema punje. Ndani ya tairi wameweka punje.

"Mimi ni mkulima wa Makutupora," Nikodemo aliendelea, sasa kwa uchungu kidogo. "Punje kwangu ni uwele. Ulitaka niweke nini, mchele?"

Alitaka kumshangaza Mzee kwa lori lisilohitaji risasi. Fundi pancha mmoja wa njiani alimsaidia kuumimina uwele, kisha akajaza tairi upepo kwa kompresa ambayo tangi lake halijawahi kukaushwa. Maji yakaingia pamoja na upepo. Uwele ukalowa, ukavimba, ukachacha kwa joto la barabara. Siku nyingine ukashikamana upande huu, siku nyingine upande ule.

Wote wawili walikaa wakilitazama bonge lile. Kisha Nikodemo akamsogelea na kusema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na njia. Mwalimu amwambie tu Mzee kuwa tairi lilitoka kiwandani na kasoro. Mzee angewalaani wenye kiwanda, ambao hawamjui wala hawatamsikia. Yeye Nikodemo angebaki kwenye usukani wake, na Mwalimu angerudishiwa jina lake likiwa safi, bila hata kovu.

Flaviana hakujifanya kwamba maneno yale hayakumgusa. Kweli ingemsafisha Nikodemo nusu na kumchafua yeye nusu. Uongo ungewasafisha wote. Na ni nani aliyempa yeye cheo cha kuwa na msimamo, mtu ambaye alishindwa kutamka neno la kawaida kwa kuogopa kuchekwa? Aliyatafakari hayo huku akikwangua ndani ya tairi kwa kipande cha bati, akiukusanya uwele kwenye bakuli, akilisuuza, akilipangusa kwa tambara, na mikono ilipokuwa kazini akili nayo ikanyooka. Jioni ile bandani hakuwepo Nikodemo peke yake. Vikombe vya chai vilikuwa vingi.

"Hapana," alisema. "Wangapi wengine walinisikia? Tairi la mbele likipasukia kwenye mteremko na lori limejaa, kiwanda hakitakwenda msibani. Nitamweleza Mzee neno lilitoka wapi. Habari ya uwele utamweleza wewe mwenyewe."

"Ataniondoa."

"Anaweza. Nitakuwa nimesimama karibu yako, na mimi ataniondoa."

Walilirudisha tairi kwenye ringi. Flaviana alikausha kwanza tangi la kompresa yake, kisha akalijaza upepo. Alipolizungusha, upande mzito ulionekana mahali pamoja, ukabaki pale pale. Aligongomea risasi moja. Mashine ikakubali, wakalifunga gurudumu kwenye lori.

Mzee Abubakari aliporudi, Nikodemo alimwambia. Aliyasema yote akiwa amesimama wima, mikono nyuma, na Flaviana akaongeza sehemu yake bila kuipamba. Mzee alilishika bakuli lenye uwele, akalinusa, akalirudisha haraka.

"Yaani nimebeba pombe tangu Kondoa," alisema, "mimi niliyehiji." Alimgeukia Flaviana. "Kwa hiyo aliyekosea ni Mwalimu."

"Nusu, Mzee."

"Na nusu nyingine ni ya huyu mpishi." Alimtazama Nikodemo kwa muda mrefu kuliko dereva yule alivyoweza kustahimili. "Ingia garini. Ukinisogezea tena nafaka karibu na gurudumu, nitakupeleka ukauze togwa."

Mzee alidhani mazungumzo yamekwisha. Flaviana alikuwa ameshavua aproni.

"Nipelekeni maegeshoni," alisema. "Pale uliponisema, Mzee. Nataka kuongea na madereva."

"Watakucheka."

"Wameshanicheka. Safari hii wacheke wakijua wanachokicheka."

Walipanda watatu, Flaviana akiwa na bakuli la uwele mapajani. Njia nzima usukani ulitulia mikononi mwa Nikodemo. Mzee aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha pale mpaka mjini.

Maegeshoni madereva walikuwa wamejilaza chini ya matrela, wengine wakicheza bao. Mzee Abubakari aliwaita kwa sauti yake ya mnadani. Aliwaambia kwamba alilosema juu ya fundi huyu analifuta mbele yao, kwa kuwa amelipanda gari na limenyooka, na kwamba sasa fundi ana lake la kusema. Flaviana hakuwahi kuogopa darasa lolote namna ile. Alinyanyua bakuli. Aliwaeleza kwamba alisema punje na alikusudia shanga, na akalitamka neno lile bila kulipunguzia sauti. Kwamba hizo ni za kiwandani, kavu, za kazi hiyo tu. Kwamba kitu kingine chochote ndani ya tairi ni hatari. Nikodemo alinyoosha mkono akasema uwele ule ulikuwa wake.

Kicheko kilichofuata kilifika barabarani. Mmoja aliuliza kama mtama nao haufai. Mwingine alitaka kujua shanga hizo Mwalimu anazijulia wapi. Flaviana uso ulimwaka, lakini miguu yake haikusogea, akaendelea kusimama na bakuli lake mpaka kicheko kikaanza kujichosha chenyewe.

Ni wakati huo alipomwona Deusdedit, dereva wa lori la saruji, ambaye hakuwa akicheka. Alikuwa akilitazama tairi lake la mbele. Alikuja polepole, akasimama karibu na bega la Flaviana, na kuuliza kwa sauti ambayo alitumaini wengine hawataisikia.

"Mwalimu, na mchanga wa mtoni?"

"Umeweka?"

"Kidogo tu. Magurudumu yote mawili."

Flaviana alimpa Nikodemo bakuli amshikie, akakunja mikono ya shati.

"Usiliendeshe hata hatua," alisema. "Nani ana jeki?"