Shingo ya Edelmiro Cangas

Alhamisi, tarehe 8 Januari 1987, San Luis, mji wa tumbaku magharibi mwa Kuba, kuliamka na manyunyu na upepo baridi wa kaskazini, tumbaku iliyoning'inizwa mabandani ikalegea kwa unyevu. Edelmiro Cangas alifika nyumbani kwao amenuna.

Kwa misimu tisa alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya mkoa wa Pinar del Río, yule anayemtupia mpigaji mpira. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na mpira wake wa kujipinda uliwaaibisha wapigaji wa nchi nzima, isipokuwa wale wa mkoa wa Matanzas. Hao waliungoja kama watu waliopewa taarifa mapema. Sasa Kocha Valerio alikuwa amemwambia waziwazi: akichapwa nao tena Jumapili, hatapangwa kuanza mechi tena.

"Wamekuroga," alisema mama yake, akimmiminia kahawa. "Lete hiyo fulana niifukize kwa moshi wa sigara."

"Mama, fulana haina kosa. Nataka kujua wanaona nini."

Dada yake mkubwa, Nieves, alicheka hadi kahawa ikampalia. "Kumbe hujui? Twende uani."

Manyunyu yalikuwa yamekatika. Nieves alichomoa mpini wa ufagio, akamkabidhi mdogo wake vizibo vya chupa, kama walivyocheza utotoni.

"Haya rusha, bingwa wa magazetini!"

Edelmiro alirusha kizibo kikaenda moja kwa moja, Nieves akakipiga. Alipindisha, dada yake akakipiga kikalia kwenye bati la jirani. Kila alichojaribu, Nieves alikuwa ameshakijua kabla hakijatoka mkononi.

"Dada, unajuaje?"

"Unameza mate. Ukitaka kupindisha tu, koromeo linapanda na kushuka. Tangu ukiwa mtoto."

"Na miaka yote hiyo ukanyamaza?"

"Ningekwambia, ningekushinda kwa kitu gani, mdogo wangu?"

Akajaribu kutomeza. Kizibo kikaenda kwa kuku.

"Acha, utaua kitoweo," Nieves alisema. "Basi meza kila mara. Waache wasome mpaka wachoke."

Jumapili Edelmiro alimeza kabla ya kila mpira, uliopinda na ulionyooka. Kufikia katikati ya mchezo kinywa kilikuwa kikavu kama mchanga, na mdakaji, anayepokea mipira yake nyuma ya mpigaji, akamfuata kumuuliza kama anaumwa. Wapigaji wa Matanzas walipiga hewa, wakatazamana.

"We twiga!" mmoja alimfokea akirudi benchini. "Umemeza nini leo?"

Pinar del Río walishinda tatu kwa moja. Valerio alimshika bega. "Mechi ijayo unaanza wewe. Ila kanywe maji kwanza, sauti imekukauka."

Asubuhi iliyofuata, wenzake walipoanza mazoezi, Edelmiro hakushika mpira. Alivuta kiti nyuma ya wavu, akaketi kuwatazama warushaji wengine mmoja baada ya mwingine: shingo, viwiko, vidole vya miguu, hata masikio.